Mwali Aliyetoka Bila Kuaga

Kibao cha jina lake kilibanduliwa mlangoni kabla tanga halijaanuliwa. Hasira ya siku ile bado naikumbuka, kwa hiyo msomaji anivumilie nikianza na mlango badala ya kuanza na marehemu. Dokta Rukia alikula chakula cha mchana nyumbani kwa mama yake, akajinyoosha kusubiri adhana ya alasiri, na adhana ilipoita hakuamka. Alizikwa kesho yake. Kabla jeneza halijatoka, mkuu wetu wa idara, mtu mwenye sauti nzuri ya misibani, alipewa nafasi ya kusema neno, na sisi wanawake tukiwa ndani tulimsikia kwenye kipaza sauti akisema kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Tuliitikia kwa vichwa, kwa sababu ndivyo isemwavyo, na kwa sababu safari hii ilikuwa kweli. Siku iliyofuata nilikuwa naenda darasani, nikapita kwenye korido ya ghorofa ya pili, nikainua macho kwa mazoea, nikakuta matundu ya skrubu na alama nyeupe ukutani pale palipokuwa na jina lake. Nilisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kunizunguka kama wanavyozunguka ndoo iliyoachwa njiani.

Jioni hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa mkuu wa idara. "Pole tena kwa msiba, Dokta Kunda," alisema. "Sasa, lile kundi la utafiti haliwezi kukaa bila mtu. Tumekaa, tumeona ni wewe. Uhamie ofisi ya marehemu wiki ijayo." Nikamuuliza, "Mzee, lile pengo lisilozibika ndiyo limeshazibwa hivyo?" Mimi nikakata simu. Nilimkatia simu mkubwa wangu wa kazi, mimi niliyelelewa Kikwe ambako hata mbuzi wa jirani unamwamkia, kisha nikabaki nimeishika ile simu nikiitazama, nimepigwa na butwaa na mdomo wangu mwenyewe. Baadaye nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, nikamwambia nitamjibu baada ya arobaini. Lakini hasira ilipopoa kidogo kuna jambo lilinijia ambalo lilinitisha zaidi ya kibao. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angecheka kwa lile swali langu, naye ndiye alikuwa kaburini. Mimi na Dokta Rukia tuliwahi kuliona pengo kwa macho yetu, pengo la kweli, na tuliona linavyozibwa, na mshtuko wa mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo leo.

Habari za nani alinizaa na nani alinisomesha nazipita, hazihusiki hapa. Nilikuwa msichana mwenye shahada moja na viatu viwili, nimepata nafasi ya uzamili katika chuo kimoja nje ya mji, na nilipanga chumba Moshono kwa mjane aliyeitwa Mama Anaeli. Wakati ule Moshono bado ilikuwa nusu mji na nusu shamba la migomba. Chumba changu kilipakana na jiko lake, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilijua alichopika kabla sufuria halijachemka, na yeye alijua nilichosema kwenye simu kabla sijamaliza kukisema. Ilipofika baridi ya Juni na Julai, ukungu ukashuka kutoka mlimani ukakaa juu ya mabati mpaka saa sita mchana, Mama Anaeli aligundua kwamba kompyuta niliyokuwa naiacha inafanya kazi chumbani inatoa hewa ya moto nyuma yake. Siku moja nilirudi nikakuta boksi la vifaranga limepangwa pale vizuri, na khanga juu yake. Nikagutuka. Nikamwambia, "Mama, hii mashine inafanya kazi ya chuo." Akasema, "Na iendelee, mwanangu, vifaranga havitaigusa. Hivi moto wake ulikuwa unakwenda wapi?" Vifaranga vilikaa mpaka vikaota manyoya.

Ni kupitia ukuta huohuo nilipoisikia kazi yangu ikielezwa vizuri kuliko nilivyoweza kuieleza mwenyewe. Jirani alikuja kuomba chumvi, akauliza yule binti anasoma nini. "Anasoma maji," alisema Mama Anaeli. "Maji?" "Maji." "Maji yanasomwa, na bomba letu wiki ya pili halitoi?" "Si haya ya bomba. Ni maji madogo madogo yaliyoingia ndani ya kitu kingine kidogo. Hayanyweki." Jirani akasema kwa huruma ya kweli, "Maskini, na anaonekana ana akili." Nilijifunika mto nisisikike nikicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa hasa. Ndani ya mwili wa kila kiumbe zipo protini, na kila protini ni kama uzi mrefu uliojikunja ukawa donge, na ndani ya donge hilo vipo vishimo ambavyo molekuli ya maji huweza kuingia na kukaa. Sisi tulikuwa na protini moja ya kimelea cha malaria. Hakuna darubini ya kuyaona maji hayo yakitembea, kwa hiyo tuliijenga protini ndani ya kompyuta, tukaizungushia maelfu ya molekuli za maji, tukaiacha kompyuta ikokotoe kila moja inasukumwa wapi, hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki. Swali letu lilikuwa moja tu: kile kishimo cha katikati, ambacho dawa ingetakiwa kuingia, kina mkaaji au ni kitupu? Ukitengeneza dawa ya kuingia kwenye chumba, ni lazima ujue kama utamkuta mwenyewe ndani.

Dokta Rukia ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alikuwa mwembamba, mwenye mtandio uliobandikwa pini moja ambayo kila mara ilikuwa inakaribia kudondoka, na hasira za haraka zinazokwisha haraka. Alizaliwa na kukulia mtaa wa zamani nyuma ya soko kuu, katika familia ya wafanyabiashara iliyopanda kutoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa mlimani tujisikie tunatafuna mawe. Nilipomwonyesha kwa mara ya kwanza kwamba ndani ya kishimo ipo molekuli moja ya maji na kwamba haitoki, alipiga makofi. "Mwali huyo!" alisema. "Amewekwa ndani, hatoki mpaka siku yake." Tangu hapo tukaiita Mwali. "Mwali yuko?" alikuwa akiuliza kila asubuhi kabla hata sijamaliza shikamoo. "Yuko, Dokta." "Marahaba. Umekula?" Kwa utaratibu huo, maji kwanza, kisha salamu, kisha chakula.

Sasa, kompyuta ikikuambia jambo mara moja, hujaambiwa. Ni lazima uanze upya mara kadhaa, kila mara ukiyapa maji misukumo mingine ya mwanzo, uone kama hadithi ni ileile. Dokta Rukia alikuwa na kompyuta tatu za aina moja, zimekuja pamoja, na aliandaa maelekezo ya zote tatu kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuziwasha, kuzilinda na mgao wa umeme na kusoma matokeo. Mbili zilikaa maabara. Ya tatu, kwa kuwa soketi za maabara hazikuaminika, ndiyo ile iliyolelea vifaranga. Na zote tatu zilisema neno moja. Mwali hakutoka. Dokta Rukia alifurahi mpaka akaja mwenyewe Moshono, na Mama Anaeli akampikia loshoro. Dokta aliyakoroga yale mahindi yaliyokobolewa ndani ya maziwa mgando, akauliza kwa adabu, "Mama, hiki tunakunywa au tunakula?" Mama Anaeli akamjibu, "Wewe anza, chenyewe kitakuambia." Akala akaongeza. Kisha akanyanyua kijiko, akasema, "Mashahidi watatu, Kunda! Hata kadhi angehukumu." Wageni kutoka nje waliotaka kukijengea chuo maabara kubwa ya kompyuta walikuwa wanakuja mwezi uliofuata, na uamuzi wao ungetokana na kazi yake hii. Kama ingewaridhisha, kundi la utafiti lingekuwa lake. Kama isingewaridhisha, alishaambiwa waziwazi na wakubwa kwamba atarudi kufundisha mwaka wa kwanza. Nilijua hilo, na kila mtu kwenye korido ile alijua.

Wiki moja kabla ya wageni, aliniomba nitengeneze picha inayotembea ya kuwaonyesha: kompyuta zote tatu kwa pamoja kwenye kioo kimoja, ili waone Mwali amekaa ndani mara tatu. Ilikuwa mchana, Jumamosi, ukungu nje, mimi chumbani kwangu na kikombe cha chai. Nikaziweka picha kwa safu, nikabonyeza, nikajiegemeza kwenye kiti nizifurahie. Protini haitulii, inahema, inatikisika, mikono yake inapepea. Maji yanaizunguka kwa fujo kama watu kwenye mnada wa Kikwe. Nikatazama ile ya kushoto, mkono mmoja ukapepea. Nikatazama ya katikati, mkono uleule ukapepea. Ya kulia, vilevile, wakati uleule. Molekuli moja ya maji ikapita juu ikielekea pembeni, na mwenzake wa katikati akapita, na wa kulia akapita. Zilikuwa zinacheza kama kwaya ya vijana siku ya mashindano, bila hata mmoja kukosea mguu. Nilirudisha nyuma, nikaanza tena. Kwaya. Nikaweka kikombe chini. Hadithi tatu zinaweza kufanana mwisho. Haziwezi kufanana kila pumzi.

Nilifungua maelekezo, na niliona mara moja. Kompyuta haijui kubahatisha. Ukitaka iyagawie maji misukumo ya kubahatisha, unaipa namba ya kuanzia, na kutoka namba hiyo inatoa bahati zote. Sisi tuliiita mbegu. Ukibadilisha mbegu unapata safari nyingine kabisa. Ukirudia mbegu ileile, kwenye mashine ya aina ileile, unapata safari ileile mpaka mwisho. Dokta Rukia aliandika maelekezo ya kwanza, akayanakili mara mbili, akabadilisha majina ya juu, na mbegu akaisahau. Mashahidi watatu walikuwa shahidi mmoja aliyebadilisha kofia. Nilikaa pale nikisikia Mama Anaeli akisaga karanga upande wa pili wa ukuta, tu-tu-tu, na nikawaza kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua jambo hili ila mimi. Sikuhisi ujasiri wala uaminifu wala maneno yoyote mazuri. Nilimpenda Dokta Rukia, na nilikuwa nimeshika kisu cha kumchinjia.

Jumapili ya kesho yake nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana kwa mama yake, Bi Zuhura, kama Jumapili nyingi za mwaka ule. Nilitoka kanisani moja kwa moja, wimbo wa mwisho siukumbuki. Nyumba yao ilikuwa na ukumbi mrefu wa sakafu nyekundu, mikeka, na mlango wa kuendea uani uliokuwa wazi siku zote kwa sababu jiko lilikuwa huko. Bi Zuhura alikaa kwenye godoro lake ukutani, na Dokta Rukia, huyo msomi wa kuogopwa, alikaa kwenye kigoda katikati ya mlango ule, mgongo uani, akipokea sahani kutoka jikoni na kuzipitisha ndani. Hakuna mwingine aliyekaa pale. Niliwahi kujaribu siku moja nikitaka kusaidia, akanifukuza kwa mwiko. "Toka hapo, hapo ni pangu." Siku hiyo kulikuwa na pilau na kachumbari ya ndimu, na mimi nililisukuma pilau kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Bi Zuhura aliniona kabla ya wote. "Mtoto huyu hali," alisema. "Kunda, una nini? Umefiwa?" Nikasema, "Hapana, bibi." "Basi una mimba." "Hapana, bibi!" "Basi sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikasema, mbele ya bibi, mbele ya pilau. "Dokta, zile kompyuta tatu ni moja. Mbegu ni ileile." Alikuwa ameinua tonge. Alilirudisha kwenye sahani polepole, akalitengeneza vizuri kama mtu anayeficha kitu. "Zote tatu?" "Zote." "Umeangalia?" "Nimeangalia, Dokta. Zinacheza pamoja." Aliinuka, akanawa mikono kwa muda mrefu, akaingia chumba cha ndani. Hatukusikia kitu. Bi Zuhura aliendelea kula, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kosa ni lako au lake?" Nikainamia sahani, na akaelewa. Dokta alitoka amejifunga mtandio na pini imekaa sawa, jambo ambalo lilinitisha kuliko kilio. "Twende," alisema. Tulifungua maabara Jumapili ile, tukaziweka picha kwenye kioo, naye akazitazama mpaka mwisho, akakaa sakafuni na kuegemea dawati. "Nimekuwa najisikiliza mwenyewe mara tatu," alisema, "nikadhani ni umati wa watu." Halafu akacheka, kicheko kifupi kibaya ambacho sikuwahi kukisikia tena.

Hapo ndipo nilipokosea kumjua. Nilidhani tutatafuta njia. Mbegu mpya zisingemaliza safari kabla ya wageni, hilo lilikuwa wazi, lakini tungeweza kuomba siku iahirishwe, tungeweza kusema mashine zimeharibika. Mimi mwenyewe nilishaanza kuutunga uongo kichwani, tena uongo mzuri. Nilipoutoa tu mdomoni alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Kunda," alisema, "mficha uchi hazai." Basi siku ya wageni alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, mkuu wa chuo kiti cha mbele, sambusa zimefunikwa kwa vitambaa kule nyuma, akasema, "Nilikuwa nimewaandalia matokeo. Leo sina matokeo. Nina kosa, nalo ni langu." Akaiweka ile kwaya kwenye ukuta, akawaonyesha. Mkuu wa chuo alishika kipaji cha uso. Mgeni mmoja aliyekuwa anaandika aliacha kalamu hewani. Nyuma yangu mwalimu mwenzake Dokta Rukia alimnong'oneza jirani, "Amejichimbia mwenyewe," na mwingine akasema, "Wacha, ana wazimu wa kwao." Niligeuka nikawatazama mpaka wakashusha macho. Wageni waliaga kwa heshima na hawakurudi. Muhula uliofuata Dokta Rukia alipewa mwaka wa kwanza, wanafunzi wengi na chaki mbaya, kama walivyoahidi.

Kompyuta tatu walimwachia kwa sababu hakuna aliyezitaka. Tulibadilisha mbegu, kila moja ya kwake, tukaanza upya. Alikuja maabara akitoka darasani na vumbi la chaki kwenye mikono ya baibui, akauliza, "Mwali yuko?" na mimi nikajibu, "Yuko." Migomba ya Moshono ilizaa, vifaranga vya Mama Anaeli vikawa kitoweo, na Mwali yuko. Nilianza kuamini kwamba pamoja na aibu yote ile tulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kisha asubuhi moja nikaangalia namba. Kila molekuli ya maji ndani ya kompyuta ina namba yake, la sivyo huwezi kuzitofautisha, maana maji ni maji. Katika mashine ya pili kishimo kilikuwa na mkaaji kama siku zote, ametulia palepale, ameshika kuta zilezile. Namba haikuwa ya Mwali. Nikaenda mashine ya tatu, na huko pia mkaaji alikuwa mgeni, tena mgeni mwingine. Mwali alikuwa ameshatoka, hatukujua lini, na kwa siku zote zile tulipokuwa tukiulizana na kujibizana yuko, yuko, tulikuwa tunamsalimia mtu mwingine.

Dokta Rukia hakuamini mpaka tuliporudisha safari nyuma na kuitazama taratibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka, mlima umejifunua wote dirishani, na hakuna kati yetu aliyeutazama. Tuliona Mwali akitikisika kama kawaida. Tukaona ukuta mmoja ukilegea, akapenya, akatoka, akapotea katikati ya maelfu ya wenzake walio kama yeye, na tangu hapo usingeweza kumjua kama si namba. Na kishimo kikabaki kitupu. Ni sehemu ndogo sana ya muda, hata jina lake sitalitaja kwa sababu halina maana kwa mtu mwenye damu, lakini tulipoipunguza mwendo tuliona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Kuta zilianza kuinama. Kile kishimo, kilichokuwa kimesimama imara wiki zote, kilianza kujikunja kwa ndani, na donge zima likaanza kupinda upande mmoja. Nilijikuta nimemshika Dokta mkono. Kisha kutoka nje, kwa mlango uleule, molekuli nyingine ikaingia, ikageuka mara moja, ikakaa, na kuta zikarudi. Basi. Kama hakuna kilichotokea.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa mdogo na nilikuwa nimechoka, na nilimchukia yule aliyeingia. Nilimwambia Dokta, "Hakusubiri hata kidogo." Alinitazama kwa mshangao, macho yake yenyewe yalikuwa mekundu, akasema, "Usimlaumu aliyeingia, Kunda. Angesubiri, nyumba ingeanguka." Kisha akaifuta chaki kwenye mikono yake, akaniuliza kama nimekula. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa shahada yangu, na miaka kadhaa baadaye ndiyo iliyomrudishia kundi lake la utafiti, taratibu, bila hotuba. Lakini siku ile hatukujua hayo. Siku ile tulikwenda kula maandazi kantini kama watu waliotoka kwenye ajali.

Nilidhani nimelisahau neno lake lile kuhusu aliyeingia. Nilidhani hivyo mpaka wiki iliyopita, siku ya arobaini, Julai tena, baridi tena, nilipovua viatu mlangoni kwa Bi Zuhura na kujifunga mtandio. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake kwenye mikeka, khitma imekwisha kusomwa, sahani zinaanza kutoka uani. Na katikati ya mlango, mahali pake, kigoda. Kitupu. Hakuna aliyethubutu. Wasichana waliobeba masinia walikuwa wanakikwepa kwa kujibana ukutani, na mmoja aliyemwaga mchuzi kwa ajili hiyo aliomba radhi kwa kile kigoda, si kwa mtu. Niliona ni vizuri, ni heshima. Niliona kwamba hapa angalau wapo watu wanaojua maana ya pengo, si kama wale wa chuoni na bisibisi zao.

Bi Zuhura haoni tena vizuri. Alikuwa kwenye godoro lake lilelile, amejikunyata, khanga mbili mabegani, miguu ameikunja chini yake. "Nani amekaa mlangoni?" aliuliza. Shangazi mmoja akasema kwa upole, "Hapana mtu, mama." "Hapana mtu kwa nini?" Bibi akageuza uso upande wa mlango. "Siku arobaini upepo wa uani unanipiga miguu," alisema, "na ninyi mnakizunguka tu hicho kigoda. Mnataka nife na mimi? Kunda amekuja?" Nikasema, "Nipo, bibi. Shikamoo." "Marahaba. Kaa hapo." Niliisikia pumzi ya wanawake wote ikivutwa kwa pamoja. Nilipigwa na bumbuazi mimi mwenyewe. Nikasema, "Bibi, hapa ni pa Dokta."

"Najua ni pa nani," alisema Bi Zuhura. "Nilimzaa mimi. Kaa, mtoto, nasikia baridi."

Nikakaa. Sikuwahi kujua miaka yote ile, kwa kuwa hakuniacha nijue, kwamba kigoda kile ni kifupi na kinauma, na kwamba upepo wa mlimani unaoingia kupitia ule ua unampiga aliyekaa pale mgongoni, wote, bila huruma. Alikuwa akiuzuia kwa mwili wake, huku akipitisha sahani na kututania. Niliinamisha uso ili wasinione, na nikajua nitamjibu nini mkuu wa idara juu ya ofisi ya Dokta. Msichana aliyekuwa nyuma yangu na sinia akasimama, hajui afanye nini. Nikanyoosha mkono, nikalipokea, nikalipitisha ndani.

Kule ukutani Bi Zuhura aliikunjua miguu yake polepole, mmoja, kisha wa pili.

"Haya," alisema. "Sasa nipeni chai."